Mwenye Kichuguu

Siku nguzo ya kibanda ilipovunjika, Mzee Boaz alikuwa ameiegemea, tena alikuwa katikati ya hotuba. Hotuba za Mzee Boaz, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Kambi Muru, Kibera, hazikuwa na haraka. Alikuwa ameanza na maombi, akapitia usafi wa mfereji, na sasa alikuwa anaingia kwenye suala la watu wanaochuma sukuma wiki ya wenzao. Nguzo ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayetafuna biskuti kavu. Mabati yakateleza, na mwenyekiti akakaa kitako katikati ya mboga za managu, kofia imemfunika macho.

Hakuumia. Lakini watu kumi na wanane walicheka mpaka wakashikana mabega, na mtu aliyelinda mageti ya matajiri miaka thelathini hasahau upesi kilichomfanya achekwe. Aliokota kipande cha nguzo, akakivunja kwa goti bila kutumia nguvu, akawaonyesha. Nje palikuwa na ganda la mti. Ndani palikuwa na udongo mtupu, umegawanywa vyumba vyumba kama ploti ya kupangisha.

"Mnaona mchwa wamefanya nini?" alisema. "Leo wamekula kibanda. Kesho watakula mipini ya majembe. Hicho kichuguu kitoke. Kuna kijana anaitwa Maurice, ana pampu ya dawa. Jumatatu ya wiki ijayo atakuja hapa amalize hii maneno."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Shamba lenyewe lilikuwa kipande chembamba cha mteremko nyuma ya ukuta wa maghorofa ya Nyayo Highrise, mahali ambapo zamani palikuwa jaa la taka. Juu kabisa, karibu na mjakaranda, kilisimama kichuguu chekundu kinachomfika mtu mzima kifuani. Hakuna aliyekuwa na haja nacho, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama mfupi mwenye mikono mipana ya kufua nguo, na sasa alikuwa amesimama.

"Kichuguu changu hakiguswi," alisema Nekoye.

Kicheko kilichokuwa kimeanza kuisha kikaanza upya.

"Chako tangu lini, Mama Rachael?" Boaz alimuuliza. Hakuwa anamdharau, aliuliza kama mtu anayetaka kuandika jibu kwenye daftari. "Hata nyumba unakaa ya kupanga."

Hilo lilikuwa kweli, na Nekoye akalimeza. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa mpangaji. Chumba cha Nekoye cha mabati kilikuwa cha mtu mwingine, choo kilikuwa cha mtu mwingine, na hata hilo shamba lilikuwa la serikali, au la reli, au la mtu fulani ambaye hajajitokeza bado. Neno "changu" lilikuwa limemtoka kabla hajalipima. Ila lilipokwisha kutoka, aliona kwamba hataki kulirudisha.

Ili mtu amwelewe Nekoye, ni lazima aende naye kidogo mpaka Chwele, Bungoma, alikozaliwa. Kule kwao, kichuguu si lundo la udongo. Ni mali, sawa na ng'ombe. Marehemu baba yake alikuwa na vichuguu saba, na alivijua kimoja kimoja: hiki hutoa kumbikumbi wakubwa wenye mafuta, kile huchelewa, kile cha kando ya mto huota uyoga mweupe mpana kama sinia. Msimu ulipofika, Nekoye ndiye aliyekuwa mpigaji wa vijiti. Walisimika fito nyembamba juu ya kichuguu, wakafunika kwa blanketi, wakaacha kitundu kimoja cha mwanga chenye shimo mbele yake. Kisha mtoto alikaa kando na kupiga ubao kwa vijiti viwili, mapigo mepesi ya haraka haraka, mpaka wale waliokuwa ndani wadhani mvua imeanza kunyesha. Wakatoka. Wakafuata mwanga, wakaporomoka shimoni, na nyumba nzima ikala. Hakuna mtoto wa boma lile aliyekuwa na mkono mwepesi kama Nekoye. Baba yake aliwaambia wageni hivyo, na Nekoye alijifanya hasikii.

Mzee alipofariki, vichuguu viligawanywa. Khamala, kaka mkubwa, alipata vitatu. Wale wadogo wawili walipata viwili viwili. Nekoye hakupata hata kimoja, na hakuna aliyemwonea, ndivyo ilivyokuwa. Msichana ataolewa, atakula kwenye vichuguu vya mumewe. Bahati ikawa kwamba mume aliyempenda, Wangila, hakuwa na kichuguu wala shamba. Alikuwa na mwiko wa uashi na maneno mengi matamu kuhusu Nairobi. Wakaja Kibera mwaka wa tisini na sita. Wangila akajenga maghorofa ya watu mpaka kifua kikamshinda. Alimwachia Nekoye binti mmoja, Rachael, ambaye sasa ni mwalimu Kitale, na wateja wanne wa kufuliwa nguo pale Highrise.

Kichuguu alikipata miaka minane iliyopita, mwaka walioanza kulisafisha jaa. Walikuwa wanang'oa karatasi za nailoni na viatu vilivyooza, na chini ya godoro la nani sijui akakuta nundu ya udongo mwekundu, saizi ya kigoda. Alipiga magoti akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa na joto. Wenzake wakadhani amekatwa na chupa, kwa namna alivyonyamaza.

Tangu siku hiyo alikilea. Alikipelekea matawi makavu, mabua, na makaratasi magumu ya maboksi ambayo rafiki yake Amondi, muuza dagaa wa omena kule Kisumu Ndogo, alikuwa ameshamaliza kazi nayo. Kila alichokiweka jioni, baada ya siku chache kilikuwa kimefunikwa na tope jembamba, na baada ya wiki hakikuwepo tena. Kilikuwa kimeingia chini. Nekoye hakuwa na haja ya kuambiwa kinakwenda wapi. Aliwahi kuona kichuguu cha baba yake kikichimbwa, na hajasahau: vibonge kama sifongo, vyepesi, vimejaa vidoa vyeupe vidogo kuliko punje ya mtama. Mchwa ni wakulima. Mti mkavu ni mgumu kwa tumbo lao, kwa hiyo wanautafuna, wanaujengea bustani gizani, wanapanda kuvu wao juu yake, na kuvu ndiye anayewapikia. Wafanyakazi ni vipofu, hawajaliona jua, na shamba lao halina magugu. Nekoye alipenda kulisema hili hasa mbele ya watu wenye macho mawili waliokuwa na magugu.

Sasa, siku ile ya nguzo, Boaz alimpa nafasi. Boaz alikuwa mtu wa haki, ndiyo maana alikuwa mgumu hivyo.

"Haya, ongea," alisema. "Tupe sababu."

Nekoye alichukua ndoo mbili za maji. Ya kwanza aliimwaga hatua tatu kutoka kwenye kichuguu, na maji yakazama yote, kama yamenyonywa. Ya pili aliimwaga chini kabisa karibu na mfereji. Yakakaa juu ya udongo, yakafikiria kidogo, kisha yakatafuta viatu vya mwenyekiti.

"Kule juu wamechimba njia elfu," alisema Nekoye. "Maji yanaingia, hewa inaingia. Kiangazi hiki, sukuma ya nani imekauka?"

Watu wakatazamana. Mistari ya juu ilikuwa ya kijani mpaka inakera. Ya chini ilikuwa njano, nayo ilikuwa imewekewa mbolea ya duka.

"Na kila mwaka nakwangua mchanga kidogo hapo juu, naweka kwa kunde zangu. Nyinyi mnaniuliza nimeweka nini. Hao ndio wanaweka. Wanatoa udongo wa chini kabisa wanauleta juu, wanakula takataka zote wanarudishia shamba. Ukiwaua, nani atakula hii miti inakauka hapa? Wewe, Mzee Boaz?"

"Walikula nguzo," Boaz alisema.

"Nguzo mliichomeka kwa mchanga bila kitu. Ni kuni mliwawekea. Nguzo nitasimika mimi, kwa mawe na saruji."

Watu wakaanza kuyumba upande wake. Ilionekana kwenye macho. Hapo angekaa kimya, mambo yangeisha vizuri. Lakini furaha ya kusikilizwa ilimpanda kichwani, akafungua mdomo tena.

"Na kumbikumbi je? Nipeni mpaka hiyo Jumatatu. Jumamosi nitawatoa hapa kwa vijiti, na mtakula mpaka mfungue mishipi. Nisipowatoa, nitakichimba mwenyewe kwa jembe langu. Maurice asisumbuke."

Amondi alimfinya kiuno, lakini alikuwa amechelewa.

Jumamosi ilipofika, jua lilikuwa kali na hakukuwa na wingu hata la dawa. Nekoye alisimika fito, akafunika kwa blanketi lake la kijivu, akaacha kitundu, akaweka beseni. Watu walikuja wengi kuliko waliowahi kuja kwa mkutano wowote. Watu wa Bungoma na Vihiga walikuja kwa sababu walijua kinachofanyika. Watu wa Siaya walikuja kwa sababu walijua kinachofanyika ila kwao hufanywa vizuri zaidi. Waliobaki walikuja kwa sababu ilikuwa bure. Amondi alikuwa amewasha jiko na kuweka karai tayari, chumvi pembeni.

Nekoye alianza kupiga. Mkono haukuwa umesahau kitu. Vijiti viliruka juu ya ubao, na wazee wa magharibi wakafumba macho, na mmoja akasema ni kama anasikia mvua ya nyumbani. Alipiga nusu saa. Akapiga saa nzima. Watu wakaimba kumsaidia. Akapiga mpaka jasho likamwingia machoni, na kwenye beseni wakawa wameingia sisimizi wawili na jani.

Saa ya tatu watu walianza kukumbuka shughuli zao. Waliondoka kwa heshima, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka ibadani kabla ya sadaka. Boaz alibaki mpaka mwisho. Hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka.

"Mama Rachael," alisema, "wewe umejaribu."

Nekoye aliona aibu ya mwaka. Alikunja blanketi, na Amondi akazima jiko bila kusema neno, jambo ambalo Amondi hakuwa amelifanya tangu wajuane. Ni jioni tu, wakiwa wameketi mlangoni kwa Nekoye, ndipo alipofungua mdomo.

"Mpigie kaka yako," alisema.

"Sitaki."

"Mpigie. Wewe umekasirika na simu haijakukosea."

Khamala alipokea, akasikiliza kisa chote, halafu akacheka kicheko kirefu mpaka Nekoye akaiweka simu mbali na sikio.

"Wewe Nekoye na kichuguu," alisema alipopata pumzi. "Nyumbani hukupewa hata kimoja. Huko Nairobi umekitoa wapi?"

"Nimekitoa kwa taka. Niambie kwa nini hawatoki."

Khamala akasikia sauti yake, akaacha mzaha. Akamuuliza kichuguu kina umbo gani. Kina mdomo wazi juu, au kimefungwa? Askari wake wana vichwa vya rangi gani? Nekoye akajibu yote.

"Dada yangu, hao si wale wetu," Khamala alisema mwishowe. "Wale tulikuwa tunapigia ni aina yao, wanadanganyika. Na hata wale, ni mpaka wawe tayari. Kuna wengine hata upige ngoma ya harusi hawatoki. Wanataka mvua yenyewe, ardhi ilowe. Umesahau baba alikuwa na vile viwili hatukuwahi kuvigusa na vijiti? Wewe ulifikiri mchwa wote ni Wabukusu kama sisi."

Nekoye alikuwa amesahau. Miaka karibu thelathini ya kukumbuka nyumbani ilikuwa imefuta vichuguu viwili vilivyokuwa vigumu na kumwachia vile vitano vitamu.

Jumapili aliruka kanisa, akaenda shambani kukiaga. Alikuwa na jembe. Aliahidi, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Alikizunguka mara mbili akitafuta pa kuanzia, na upande wa jua la asubuhi akaona kitu kilichomfanya aweke jembe chini. Tope bichi. Hakukuwa na tone la mvua tangu mwezi uliopita, lakini pale udongo ulikuwa umelowa, mweusi, umepakwa upya, na kwenye tope hilo palikuwa na nyufa nyembamba zilizofunikwa kwa ngozi ya udongo. Aligusa mmoja kwa ncha ya kidole. Kichwa kikubwa cha kahawia kikatokea, kikafungua taya, kikabaki pale pale kikilinda.

Walikuwa wanatengeneza milango. Ndani, nyuma ya askari huyo, vijana wenye mabawa walikuwa wamejaa kwenye vyumba wakingoja.

Nekoye alikaa chini akacheka peke yake. Halafu akakumbuka kwamba kesho ni Jumatatu, akaacha kucheka.

Maurice, ambaye Boaz hakuwa amemzuia, alifika saa tatu asubuhi, kijana mrefu mwenye buti za mpira na pampu mgongoni, Boaz mbele yake kama anayemwonyesha mgeni chumba. Nekoye alikuwa ameketi juu ya ndoo, mgongo umeegemea kichuguu. Jembe lilikuwa miguuni pake.

"Sasa, mathe," Maurice alisema.

"Poa. Njoo uone kitu kwanza."

"Mama Rachael, tulikubaliana," Boaz alisema.

"Tulikubaliana. Na nitachimba. Nataka tu huyu kijana aone, kwa sababu ni kazi yake."

Maurice alitua pampu, akainama. Aliutazama ule udongo bichi kwa muda. Akagusa mlango mmoja, akaona taya, akarudisha kidole haraka. Alipoinuka, alikuwa na uso mwingine.

"Mzee, hii siwezi," alimwambia Boaz.

"Huwezi nini? Nilikuita uue mchwa."

"Mchwa nitaua. Si leo. Hawa wanajipanga kutoka, unaona hizi njia? Mvua ikigonga tu, wanaruka. Sasa nikimwaga dawa hapa, wengine watakufa, wengine watatoka nayo. Na wakitoka, nani hatakula?" Maurice alionyesha kwa mkono mteremko wote, mabati yote ya Kambi Muru mpaka kule Kisumu Ndogo. "Watoto watakula. Mathe wa omena atakaanga. Mimi mwenyewe ni mtu wa Butere, manze, ningekula. Hii dawa si ya mchezo. Hata hii sukuma yenu inakaa karibu sana."

Boaz alitoa kofia, akakuna kichwa. Haikuwa imemjia akilini. Kwake mchwa walikuwa wezi, na mwizi hupigwa palipo na mlango. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa Vihiga, na ulimi wake ulijua anachoambiwa. Na kazi ya maisha yake ilikuwa kuhakikisha kibaya hakipiti getini. Aliutazama mteremko ule kwa muda, akivihesabu vichwa vya watoto waliokuwa wakicheza chini kwenye mfereji.

"Jembe basi," alisema, ila bila nguvu.

"Ukichimba saa hii, utakula hasara," Maurice alisema. "Malkia yuko chini sana, na huyo ndiye anataga mayai mchana na usiku. Utamaliza siku mbili, utapata udongo. Na hawa wenye mabawa watakufa bure, tayari wamenona."

Boaz akarudisha kofia.

"Mpaka mvua," alisema. "Mvua ikinyesha na kama hawatatoka, Mama Rachael, unachimba."

"Nachimba," Nekoye alisema.

Jumanne jua. Jumatano jua, na upepo wa vumbi juu yake. Nekoye alisimika nguzo mpya ya kibanda, akaiweka juu ya mawe na saruji, na kila aliyepita alimuuliza kama ameitwa na watabiri wa hali ya hewa. Aliwajibu wote. Alhamisi alienda kufua Highrise, ghorofa ya nne, kwa Muthoni, mwalimu aliyestaafu, mwenye mashuka mengi kuliko vitanda. Saa tisa mbingu ikawa nyeusi upande wa Ngong. Saa kumi mvua ikashuka bila salamu, nene, ikipiga mabati ya mteremko wote mpaka watu wakashindwa kusikilizana. Muthoni akamwambia aanue nguo. Nekoye alianua, akarudi kwenye roshani, akasimama hapo na shuka lenye povu mkononi akitazama chini.

Mvua ikapungua, ikaacha. Jua la jioni likatoboa. Hakuna kilichotokea. Moyo wake ulikuwa unadunda kama wa msichana anayesubiri jibu la barua. Halafu akaona mbayuwayu. Kwanza watano, kisha makumi, wanakata hewa juu ya mjakaranda, wanapanda na kushuka bila kutulia. Wakaja mwewe. Kunguru wakaja wakipiga kelele, na kuku wote wa Kambi Muru wakaanza kukimbia kuelekea upande mmoja. Ndipo akaona kitu kama moshi mwembamba wa dhahabu kikipanda kutoka kwenye kona ya shamba.

"Muthoni, mimi naenda," alisema. "Mashuka yatafuliwa kesho."

"Kwani kuna nini?"

"Wametoka."

Alishuka ngazi na povu la sabuni mikononi. Alikimbia kuzunguka ukuta, akateleza mara moja, akainuka na matope mpaka magotini, na njia nzima alikuwa na hofu moja: kwamba atakuta wameshachotwa, udongo umekanyagwa, milango imepondwa, na kitu chake cha pekee kimekuwa cha kila mtu aliyefika mbele yake. Hiyo ndiyo Kibera. Anayefika kwanza ndiye mwenyewe, na yeye alikuwa na miguu ya miaka hamsini na nane.

Alipofika, alikuta watu zaidi ya mia. Walikuwa na mabeseni, masufuria, vyandarua, ndoo za rangi, mpaka mwavuli uliogeuzwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anachota. Walisimama kwenye mstari wa sukuma wiki, wakijikunyata kwa hamu kama watoto mbele ya keki, huku kumbikumbi wakimiminika kutoka kwenye nyufa, mabawa yanametameta, wanapanda, wanapeperuka, wanaanguka kwenye nywele za watu. Wengine walikuwa wameshatua, wamekatika mabawa, na wanatembea wawili wawili ardhini, dume nyuma ya jike, wakitafuta shimo la kuanzia maisha. Kando ya kila mlango wa udongo, askari wenye vichwa vikubwa walikuwa wamejipanga.

Mbele ya watu wote, mgongo ameelekezea kichuguu na mikono ameipanua, alikuwa amesimama Mzee Boaz. Kumbikumbi watatu walikuwa wanatembea kwenye kofia yake.

"Ametukataza," Amondi alisema, karai limeshikwa na mikono yote miwili, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeteseka. "Dakika kumi nzima. Nekoye, mimi nitakufa."

Nekoye akamtazama Boaz. Akadhani ni dawa. Akadhani mzee amebadilisha mawazo, amemwita Maurice asubuhi akiwa hayupo.

"Kuna shida gani, mzee?"

"Hakuna shida," Boaz alisema. Akashusha mikono. Akavua kofia, kumbikumbi wake wakaruka, na miguuni pake akaokota sufuria ndogo ya kupikia uji, kuukuu, ambayo alikuwa ameiweka hapo muda wote. Akaongea kwa sauti ya chini, kwa adabu, sauti ambayo mwanaume wa Vihiga huitumia akiwa mbele ya boma la mwenziwe na bado hajakaribishwa. "Tulikuwa tunangoja mwenyewe. Mama Rachael, naomba kuchota kwa kichuguu chako."

Nekoye aliitazama ile sufuria. Akalia, mbele ya watu wote, bila kujificha, akijipangusa kwa mikono yenye sabuni mpaka macho yakamwasha, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote aliyoweza kuikumbuka.

"Chota, mzee," alisema alipoweza. "Choteni nyote. Lakini msizibe milango, na wale wameshatua chini waacheni waende."

Hakuna aliyesogea. Nekoye alikuwa bado hajaelewa wanangoja nini, mpaka Boaz alipompa ile sufuria na kupisha kando ili mwenyewe achote kwanza. Nekoye akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mkono penye mlango wa kwanza, akachota.